Mtani wa Kitanda cha Chini

Jumatatu, 4 Novemba

Nimefika Shinyanga. Kwa usahihi zaidi, nimefika Shinyanga mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa usingizini. Basi likapita stendi, likaendelea na safari yake ya Mwanza, kondakta akaja kunigusa bega tukiwa Kolandoto. Nikamwambia kosa ni lake. Akasema aliita jina la stendi mpaka sauti ikamkauka. Abiria wote wakamuunga mkono, hata yule mama niliyemlalia begani tangu Nzega.

Nimerudi mjini nyuma ya pikapu ya mpunga. Jua la huku halina adabu kabisa. Juu ya magunia nilikuwa na mzee mmoja mwenye kuku, akaniuliza kabila langu kabla hajaniuliza jina. Mpare, nikasema. Akasikitika. Akasema bora ningekuwa Mzaramo, maana Wazaramo ni watani wa Wasukuma, tungetukanana mpaka tufike na safari ingekuwa fupi. Baada ya hapo hakunisemesha tena. Kuku ndiye aliyekuwa ananitazama.

Sasa hosteli. Hapa ndipo nilipoishiwa nguvu. Chuo hakimsajili mwanafunzi mgeni mpaka matroni wa hosteli apige simu aseme huyu ana mahali pa kulala. Nilitakiwa kuomba nafasi tangu Septemba. Sikuomba. Mpango wangu ulikuwa kufika mwenyewe, nizungumze na watu uso kwa uso. Uso kwa uso huwa napendwa. Matroni ndiye mwenye nyumba, anaitwa Mama Masalu. Mwanamke wa miraba minne, kanga kiunoni, sauti ya kuita ng'ombe walioko kijiji cha pili. Nikampa shikamoo yangu nzuri kuliko zote. Marahaba. Nafasi hakuna, pamejaa, safari njema.

Niandike ukweli, kwa kuwa hapa hakuna anayesoma. Baba kasema hiki ndicho chuo cha mwisho. Kwanza nilisoma utalii, nikaacha. Nikasoma famasi, ikaniacha. Sasa ni ununuzi na ugavi. Nikirudi Mbagala na begi, napandishwa basi la Same siku hiyohiyo, kwa baba mkubwa, nikalime tangawizi mlimani maisha yangu yote. Baba hatanii. Tangu nimfahamu hajawahi.

Nikakaa juu ya begi pale uani. Nikafikiri. Nina kichwa cha mipango mimi, hilo hata adui zangu wanakiri. Mama Masalu akapita na beseni la vyombo, akauliza mimi mtu wa wapi ambaye haelewi maana ya pamejaa. Nikasema natoka Dar, Mbagala. Akauliza kabila.

Sijui nilifikiri nini. Nikasema Mzaramo.

Beseni likaanguka. Akaniita mvivu, mla nazi, muuza kiwanja cha urithi ili akacheze ngoma. Nikaelewa kwamba natakiwa kujibu. Nikamwambia tangu stendi nasikia harufu ya michembe, vile viazi vyao vikavu, nikajua kuna Msukuma anakula peke yake, na kwamba ng'ombe wake wamemzidi akili. Nikafumba macho nikisubiri kofi. Lo! Mama wa watu kacheka mpaka kashika ukuta.

Akanikokota mkono hadi chumba cha pili. Humo kuna kitanda cha deka, kimoja juu, kimoja chini. Cha juu kilikuwa na masanduku yake. Cha chini alikuwa amelala kijana wa Katoro anayeitwa Marselino, mtoto wa mnunuzi wa dhahabu, godoro lake nene utadhani mkate wa sikukuu. Mama Masalu akasema mtani haombi, mtani anachukua. Basi nikachukua cha chini. Masanduku yakahamia ukumbini na Marselino akahamia juu. Mama Masalu alicheka sana. Marselino hakucheka.

Chumba hakina dari, ni bati tupu. Kule juu ni tanuri. Namsikia anavyogeukageuka. Pole yake!

Jumanne, 5 Novemba

Mama Masalu kapiga simu chuoni, kasema Edson wake ana kitanda. Nimesajiliwa! Edson Mbwambo ni mwanafunzi halali. Jina la Mbwambo sikumwambia mtu hapa hosteli, Mbwambo linanuka Upare mtu akiwa upande wa pili wa barabara. Hapa mimi ni Edson basi.

Asubuhi nimechukua chapati kwenye sahani yake mwenyewe. Kanifukuza na mwiko kuzunguka kisima, kafurahi huyo! Nimevaa kandambili zake kwenda kuoga. Ameniita mwizi wa pwani. Baadaye tukiwa tunachambua mchele akasema tangu marehemu mume wake aondoke hakuna mtu aliyemtukana humu ndani. Alisema hivyo kwa huzuni ya kweli. Nikamtukana kidogo, kwa heshima. Akafuta macho, akaniongezea chai.

Marselino ananichunguza. Aliuliza, eti kwa kujua tu, Kizaramo cha maji ni nini. Nikasema ni maji. Akauliza cha moto. Nikasema ni moto, maana Kiswahili chenyewe kilitoka kwetu. Akanyamaza. Sipendi anavyonyamaza.

Jumatano, 6 Novemba

Nimekwisha.

Mchana kimepigwa kilio uani. Mzee Luhende, baba mdogo wa Mama Masalu, kafariki kijijini kwao, mbele ya Kolandoto. Uzee tu, alilala hakuamka. Nilikwenda kutoa pole, tena pole ya moyoni, maana Mama Masalu analia kwa mwili mzima. Katikati ya kilio akaniona. Akanyamaza. Uso ukang'aa. Mtani yupo! Akawageukia majirani akawaambia Mungu aliona mbali, kamleta mtani wake nyumbani kabla ya msiba.

Nikasema kesho nina kipindi. Akasema atapiga simu chuoni. Akapiga palepale. Chuo kimenipa ruhusa na pole juu.

Jioni nikamuuliza Marselino, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, huku Usukumani watani hufanya nini hasa msibani. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue akatabasamu. Akasema wanachimba kaburi. Wanamsema marehemu, wanamwiga, wanavaa nguo zake. Na kabla ya mazishi mtani anashuka kaburini analala chali, kupima kama panatosha. Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaongeza kwamba kwao Katoro watu wanashuka kwenye maduara, mashimo ya migodi, kwa sababu chini kuna dhahabu, sasa mimi nitashuka bure.

Ijumaa, 8 Novemba

Jana sikuandika. Hata leo kalamu naishika kwa vidole viwili, vingine vina malengelenge.

Watu walikuwa wengi kama mnada wa ng'ombe. Mama Masalu akanitangaza kabla hata hatujashuka garini. Wakanipisha njia. Jembe nikapewa kabla ya maji ya kunywa. Ardhi ya huku ni ngumu, jembe linarudi usoni. Vijana waliokuwa wananisaidia wakasema kweli huyu Mzaramo, jembe analiona leo. Wakacheka. Nikajiona nimefaulu.

Ndipo akaja Mwalimu Pazi.

Mwalimu Pazi ni mwalimu mstaafu. Ni Mzaramo. Mzaramo wa kweli, wa Kisarawe, alioa huku akabaki, na misiba yote ya eneo lile yeye ndiye mtani. Nani alijua? Mzaramo mwenye mke Msukuma, kijiji cha ndani namna ile! Akaja amenyoosha mikono, akanisalimu kwa Kizaramo, salamu ndefu yenye vituo. Nikakohoa. Akarudia. Nikakohoa zaidi, nikashika kifua. Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyeandika kwenye paja siku ya mtihani. Nikasubiri anitangaze. Nikaanza kuona tangawizi mbele ya macho yangu, matuta na matuta.

Hakunitangaza. Alisema kwa sauti, watu wote wasikie, kwamba mgongo unamuuma, leo kazi yote aachiwe kijana. Akavuta kigoda akakaa mahali anaponiona vizuri. Hilo lilikuwa baya kuliko kutangazwa.

Wakati ukafika nikashushwa. Jamani. Udongo una baridi hata kwenye jua lile. Nimelala chali. Juu naona kipande cha mbingu na vichwa vya watu pande zote. Mtu mmoja akasema mtani aseme neno. Nikasema Mzee Luhende alikuwa mchoyo, hata kaburi kaliagiza jembamba ili mtu asije akamwomba nafasi. Wakaangua kicheko. Nikataka kuinuka. Ndipo nikamwona Mama Masalu ukingoni, mabega yanacheka, machozi yanashuka, vyote kwa pamoja. Nikakumbuka kwamba kuna mzee anakuja kulala hapa kikweli, na mimi simjui hata sura.

Nikalia. Sikuigiza. Nililia kwa sauti.

Watu wakanyamaza. Mtani halii! Nilisikia mtu anauliza kama nimeumwa na kitu. Halafu mjane wa marehemu, bibi mdogo tu mwenye fimbo, akapiga kelele kwamba namwiga mume wake! Kumbe Mzee Luhende alikuwa maarufu kwa kulia kila anapouza ng'ombe. Analia mnadani mbele za watu, na hela iko mkononi. Basi watu waliangukiana. Wakaniletea koti lake na kofia yake. Nikalia ndani ya koti la marehemu, nikalia njiani, nikalia mbele ya jeneza, na kila nilipolia wao wakazidi kucheka. Mjane naye alicheka mpaka akaomba maji. Nikapewa fungu la watani, nyama nzuri ya ubavu. Sikuweza kuila.

Wakati wa kuondoka Mwalimu Pazi akaniinamia sikioni. Akauliza kama mama yangu anajua niko wapi na nafanya nini. Nikasema hapana. Akasema ndivyo alivyofikiri.

Jumamosi, 9 Novemba

Balaa halina likizo. Mama kapiga simu nikiwa naanika shuka. Mama hanizungumzishi Kiswahili hata siku moja, na ukimjibu kwa Kiswahili anauliza kama umeikana lugha ya mama yako. Nikamjibu Kipare. Nilinong'ona, lakini Kipare hakinong'oneki. Nilipokata simu shuka ya pili ikasogea. Marselino. Alikuwa nyuma yake na ndoo, muda wote.

Akasema sekondari alikaa dawati moja na Mpare miaka yote minne. Akanisalimia kwa Kipare. Matamshi yake yalikuwa mazuri kuliko yangu, hilo ndilo lililoniuma.

Hakutaka mengi. Alitaka kitanda chake. Pia mashati yake yafuliwe, na viatu. Nimekubali. Ningefanya nini?

Naandika haya nikiwa juu. Bati liko hapa, karibu na paji la uso. Nilisema uongo ili nilale chini. Sasa uongo ninao na kulala juu ninalala. Naomba mtu mwenye akili anieleze hesabu hii.

Jumatatu, 11 Novemba

Mvua ya kwanza. Watu wote wa Shinyanga wamefurahi, mpunga, mahindi, malisho. Waliofurahi wana dari. Mimi nimelala ndani ya ngoma.

Marselino kaongeza masharti. Anataka chapati za Mama Masalu, kwa kuwa mtani anaruhusiwa kuiba na yeye haruhusiwi. Kwa hiyo naiba kwa niaba yake. Darasani nimesinzia, mwalimu akaniuliza maana ya mnyororo wa ugavi, nikamwambia unaanzia jikoni.

Lakini sasa, juu ya bati hili, nimepata mpango. Ni mpango mzuri mno, nimeshangaa mwenyewe. Siri ya Marselino ina nguvu kwa sababu ni siri. Nitakwenda kwa Mama Masalu nikaseme mwenyewe. Nitapiga magoti. Nitatoa machozi, sasa hivi najua kulia mbele za watu. Atanisamehe, na yule atabaki na ndoo yake.

Jumanne, 12 Novemba

Nimesema ukweli. Nilimkuta jikoni anasonga ugali. Nikapiga magoti. Nikasema mama, mimi si Mzaramo, mimi ni Mpare.

Alicheka mpaka akaacha mwiko ndani ya sufuria. Mpare! Eti Mpare! Akasema Mpare gani, Mpare angeshamshitaki kwa ajili ya chumba kisicho na dari. Nikaapa. Akacheka zaidi. Akawaita majirani waje wasikie mtani alivyoamka leo. Nikarudia mbele yao. Nikawatajia kijiji cha babu yangu, nikawatajia mlima. Jirani mmoja akakaa chini kabisa, kwenye tope, kwa kicheko. Wakaniomba niongee Kipare, nikaongea. Wakasema hata ndege wa Uzaramo huiga sauti.

Hii ni ajabu. Nimesema ukweli mtupu mbele ya uwanja mzima, na hakuna hata mmoja aliyeniamini. Uongo waliuamini kwa neno moja. Nilisimama pale nikajisikia mpweke, sijui kwa nini.

Upweke haukukaa. Nikakumbuka Marselino! Nikamfuata chumbani nikamwambia nenda, kaseme, mlango huo hapo. Akaenda. Nikasikia kicheko cha Mama Masalu mpaka chumbani, kisha nikasikia akimwambia aache wivu, wivu wa kitanda si kitu kizuri kwa kijana wa nyumba yenye mali. Akarudi. Akapanda juu.

Niko chini. Mungu ni mkubwa, na mimi sijambo.

Alhamisi, 14 Novemba

Baba.

Nilimpa namba ya Mama Masalu mimi mwenyewe, wiki ile ya kwanza, ili aamini kwamba nina mahali pa kulala. Nikasahau. Leo baada ya chakula cha mchana kapiga kumshukuru. Mama Masalu mikono ilikuwa na unga, akaiweka simu kwenye kigoda, sauti nje, watu wote tunasikia. Baba akaanza vizuri. Shukrani, heshima. Akasema sisi Wapare tunathamini elimu. Akasema asinionee huruma, kwamba mdomo wangu ulianza kudanganya kabla ya kuota meno.

Mama Masalu akauliza taratibu, Wapare? Baba akasema Wapare wa Same. Yeye Mpare, baba yake Mpare, babu yake Mpare aliyeshuka mlimani kwa miguu yake. Mama Masalu akasema asante baba Edson, karibu Shinyanga. Akakata simu kwa kiwiko.

Nilisubiri acheke. Nilimtazama mdomo. Hakucheka. Alinawa mikono, kidole kimoja kimoja, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango. Ningependa angenipiga.

Aliponiita jua lilikuwa limeshazama. Hakupandisha sauti. Akasema kitanda si kitu. Ningemwambia ukweli siku ile, kwamba nimekwama na baba yangu ni mkali, angenitandikia mkeka ukumbini. Lakini baba yake mdogo kasindikizwa na mtu asiye mtani. Mtani akimsema maiti ni heshima, ndivyo walivyopatana mababu wa pande mbili. Mtu mwingine akisema yaleyale ni matusi. Na mimi nimelala mpaka kaburini, mahali pa mzee, na uongo wangu mdomoni. Itabidi awaambie ukoo. Hapo akalia, na safari hii hakuna aliyecheka.

Nimeona aibu. Si aibu ya kushikwa, ile naijua, inaisha kwa siku mbili. Hii ni nyingine.

Ufunguo kauchukua, nalala ukumbini na masanduku. Jumapili wanamaliza matanga. Nitakwenda kujibu mbele ya wazee. Wakinisamehe, nabaki. Wasiponisamehe, Jumatatu anapiga simu chuoni. Halafu basi la Same.

Marselino kaniletea chai. Kaiweka juu ya sanduku akaondoka. Nimeinusa kwanza. Ilikuwa chai tu, yenye sukari ya kutosha.

Jumamosi, 16 Novemba

Nimefanya mazoezi ya kuomba radhi siku nzima. Nimeamua kusema ukweli mtupu. Hakuna mpango. Naandika kwa herufi kubwa ili nisijidanganye: HAKUNA MPANGO. Nimechoka na kichwa changu. Nikibaki hapa nitasoma, nitafua nguo zangu tu, nitalala juu kwa hiari. Marselino amenisikia nikifanya mazoezi, akasema niondoe sehemu ya kuwasifu ng'ombe wao. Nimeiondoa.

Jumapili, 17 Novemba

Naandika nikiwa kijijini, nyuma ya ghala, mwanga bado upo.

Wazee walikaa nusu duara. Kaka yake marehemu katikati, mzee mrefu, mkavu, hana haraka. Mama Masalu pembeni hanitazami. Mjane na fimbo yake. Mwalimu Pazi naye alikuwepo, na kigoda chake.

Nikakaa chini. Nikasema yote. Pikapu, begi, baba, tangawizi, kitanda. Sikupamba. Nikasema nilipolia kaburini sikuwa namwiga mtu, nilikuwa nalia. Sauti ilikatika mahali ambapo sikuipanga ikatike. Nikasema naomba radhi kwa mzee ambaye sikumjua.

Mjane ndiye aliyeanza, akasema yeye siku ile alidhani hatacheka tena duniani, na alicheka, kwa hiyo hana kesi na mtoto huyu. Mwalimu Pazi akasema utani uliopungua ataujazia yeye, mgongo au bila mgongo, na kwamba kijana amelia kwa ajili ya mtu asiyemjua, jambo ambalo wajukuu wengine hapa hawakulifanya. Wajukuu wakatazama chini. Kaka wa marehemu akafikiri. Akasema mimi ni mtoto, mtoto anasamehewa, nipalilie kaburi leo na yaishe.

Yakaisha! Nimesamehewa! Nikasema wabeja, asante ya Kisukuma, wakapenda nilivyotamka. Mama Masalu akaja akanipa ufunguo mkononi, akanikunja vidole juu yake. Akasema ng'wanawane, yaani mwanangu, usirudie tena. Nilitaka kumkumbatia. Hakikubaki kitu ila kunyamaza. Kunyamaza tu, jamani, kazi ambayo hata jiwe linaiweza.

Yule kaka wa marehemu, kwa wema tu, kwa kuongeza maneno wakati chakula kinakuja, akasema ni hasara. Mtani hodari namna hii, halafu si mtani. Wenye haki ni Wazaramo, akasema, na Wazigua pia. Akaguna. Akasema baba yangu alisikika kwenye simu, huyo ni Mpare hana dawa. Je, kwa mama nako ni Wapare watupu?

Alikuwa ananiangalia kwa upendo. Wote walikuwa wananiangalia kwa upendo. Nyama ilikuwa inaletwa.

Nikasema bibi mzaa mama ni Mzigua. Wa Handeni.

Vifijo! Wazee wakasimama. Kaka wa marehemu akaniita mbilikimo wa Handeni mwizi wa kuku, mjane akanichapa miguuni na fimbo kwa furaha, nikawajibu wote mmoja mmoja na nikapewa ubavu. Mwalimu Pazi aliinamisha kichwa katikati ya mikono yake na hakukiinua mpaka chakula kikaisha. Nadhani ni mgongo. Mama Masalu alinitazama muda mrefu. Halafu akasema vizuri, kesho akishaamka atampigia mama yangu, amsalimie binti wa watani.

Hakuna shida. Nimeshamtumia mama ujumbe: "Mama, ukipigiwa na Mama Masalu wa hosteli, bibi alikuwa Mzigua wa Handeni. Usiulize." Bado hajajibu. Mama ni mzee wa kanisa, hajawahi kusema uongo maishani mwake, lakini sababu ni kwamba hakuna aliyewahi kumwomba vizuri. Nitampigia alfajiri, nimfundishe matusi mawili matatu ya Kizigua. Matusi yenyewe nitayabuni nikiwa kwenye gari. Safari hii nimefikiria kila kitu.